Chai ya munyu, au mhandisi mhitimu anatakiwa aweze nini

Chai ya kwanza iliyopikwa kwa maji ya kisima changu ilisifiwa. Ya mwezi wa tano ilimwagwa. Nilikuwa na shahada ya uhandisi ya miaka 5, pampu nimeichagua mwenyewe, msuguano ndani ya bomba nimeupigia hesabu mpaka nukta ya mwisho. Na pampu haikukosea hata siku moja: ilivuta kiasi kilekile nilichoahidi. Kilichoharibika ni maji. Mama mwenye nyumba, katika kimojawapo cha visiwa vyetu hapa Lamu, hakunigombeza. Alinimiminia kikombe, akasema, "Onja, mwanangu."

Kikombe kile kimenirudia wiki hii kwa sababu chuo kimoja kimeniomba nisome rasimu ya mtalaa wake wa uhandisi wa maji, hasa ile sehemu ya matokeo yanayotarajiwa kwa mhitimu. Niseme kwanza kisima kilikosea wapi, ndipo nifike kwenye rasimu.

Chini ya mchanga wa kisiwa, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa kilo 1,000 hivi. Ya bahari, kama kilo 1,025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri yote. Kwa kila mita moja ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo, kisha chumvi. Kanuni hii inaitwa Ghyben-Herzberg, na nilikuwa nimeifanyia mtihani. Sasa igeuze: pampu ikishusha maji kwa sentimita 20 tu na kuyaweka hapo, mpaka wa chumvi chini yake utapanda polepole, mwishowe kwa karibu mita 8. Mchanga hauna haraka. Mimi nilikuwa nayo.

Kwa hiyo sikukosa maarifa. Nilikosa kuuliza swali sahihi. Mama alisema anataka maji ya kutosha nyumba na wageni, nami nikajibu hilo: lita ngapi, pampu ipi. Swali lenyewe lilikuwa mchanga ule unapata kiasi gani kutokana na mvua ya mwaka, na tunaweza kuchota kiasi gani bila kuiamsha bahari. Jirani yake mzee alikuwa ameniambia siku ya kwanza kwamba kisima kile huchotwa alfajiri kisha huachwa kipumzike. Nikamwitikia kwa adabu, nikaendelea kufunga bomba. (Wazee hao hao husimulia kwamba watu wa Takwa, mji wa kale kule kisiwa cha Manda, walihamia Shela maji yao yalipogeuka chumvi. Historia nzima ya uhandisi wa maji ilikuwa imekaa barazani ikinitazama.)

Turudi kwenye rasimu. Fikra kwamba shahada ipimwe kwa kile mhitimu anachoweza kufanya, badala ya saa alizokaa darasani, si ya jana. Mwaka 1989 vyombo vya uhandisi vya nchi 6 vilitia saini Mkataba wa Washington wa kutambuliana shahada za uhandisi: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1999. Orodha ya sifa za mhitimu inayoambatana na mkataba huo ilikuwa na vipengele 12. Mwaka 2021 ikapangwa upya ikawa 11. ABET, chombo cha Marekani kinachokagua programu hizi, kilikuwa na vipengele 11, leo kina 7. Idadi isikushughulishe. Kote utakuta yaleyale: kuchambua matatizo changamani, kusanifu, kupima na kuchunguza, maadili, kazi ya pamoja, kuwasiliana, jamii na mazingira, kujifunza maisha yote. Kwetu Kenya, Bodi ya Wahandisi humsajili kijana kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hutaka miaka isiyopungua 3 ya kazi kabla ya kumwita mhandisi mtaalamu. Maana yake shahada haimalizi mtu, nayo haidai hivyo.

Ninapotofautiana na wenzangu ni hapa. Wengi huigawa orodha hiyo mafungu mawili: fungu la kazi, yaani hesabu na usanifu, na fungu la kujazia karatasi, yaani jamii, maadili na mawasiliano. Hapa Lamu mgawanyo huo hausimami. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilifutwa, na moja ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna hata kesi moja kati ya hizo iliyohusu zege kupasuka. Na kisima changu kingepona kama ningejua kusikiliza, ambalo kwenye orodha liko chini ya "mawasiliano".

Rasimu ya chuo kile ina neno "ataelewa" mara 14. Nimelihesabu. "Mwanafunzi ataelewa mtiririko wa maji chini ya ardhi." Sawa, utajuaje kwamba ameelewa? Nimelifuta, nikaandika: atakadiria kina cha mpaka wa chumvi kutokana na vipimo vya kisima, na aseme makadirio yake yanaweza kukosea wapi. Hilo linatahinika. Linamtaka pia mwalimu abadilishe mtihani, na nadhani hapo ndipo ugomvi utakapozuka, si kwenye vitenzi.

Mimi mwenyewe, kijana akija kuomba kazi, humpa karatasi moja: nyumba ya watu 12, kisima, maji yamesimama sentimita 30 juu ya usawa wa bahari. Chagua pampu. Wengi hutoa kikokotoo, na majibu yao ya hesabu huwa safi. Mwaka jana binti mmoja aliitazama karatasi kitambo, akaiweka chini. "Samahani, mwalimu, hizi 30 zilipimwa maji yakijaa au yakipwa? Na ilikuwa bamvua, siku za maji makuu?" Nikamwambia aanze Jumatatu. Pampu hakuwa amechagua bado.

Kile kisima tulikifungia pampu ndogo zaidi, inayovuta kidogo kidogo asubuhi tu, tukafufua na jabia la zamani la kukinga mvua ya paa. Ilichukua masika mawili maji kurudi kupikika chai. Nikipita, bado mama hunimiminia kikombe, na bado hunitazama mpaka ninywe.