Babu yako marehemu hajakufunga

Nimeletewa tena ile karatasi. Imechorwa matawi kama mti, jina lako juu, mababu chini, na kando ya kila jina kuna nafasi ya kujaza: alikuwa mganga? Alimwaga damu? Alijiua? Alioa wake wangapi? Mama aliyeileta alitoka kwenye semina ya wikendi hapa Kisumu, na ameagizwa ajaze marehemu wote hadi kizazi cha nne, kisha aombe Misa ya kuvunja laana ya ukoo. Mumewe ameachishwa kazi, binti yake hajaolewa, na dada yake amezika watoto wawili. Jibu ameshapewa: babu mzaa baba wa mumewe alishika mambo ya giza, na mpaka leo anaishikilia nyumba nzima.

Mimi ni katekista wa Kanisa Katoliki. Nafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na wazazi wanaoleta watoto kubatizwa, na suala hili nimelijibu kwenye Jumuiya, kwenye matanga na nje ya kanisa baada ya Misa mpaka sauti imekauka. Sasa naliandika, mwenye kutaka amtumie jirani yake.

Tuanze na huyo babu. Yuko wapi? Kanisa linafundisha kwamba kila mtu akifa anahukumiwa papo hapo, kabla hata ya ile hukumu ya mwisho. Papa Benedikto XII alilitamka jambo hili rasmi mwaka 1336, na Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, inalirudia wazi kwenye namba 1022. Baada ya hukumu hiyo mtu anaingia mbinguni moja kwa moja, au anaingia baada ya kutakaswa toharani, au anajitenga na Mungu milele. Mahali pa nne hapapo. Hakuna roho ya Mkristo inayozurura kati ya Ahero na Maseno ikitafuta mjukuu wa kumfunga.

Kama babu yuko mbinguni, anakuombea. Kama yuko toharani, basi wokovu wake ni wa hakika, anampenda Mungu kuliko wewe na mimi tunavyompenda sasa, na hawezi hata kutamani kukutesa. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wameichukua toharani kama jehanamu ndogo yenye mlango. Soma namba 1030: walioko huko wamekufa katika neema. Na kama yuko jehanamu, Misa haimtoi, wala yeye hapewi ruhusa ya kusimamia ndoa ya binti yako. Shetani yupo, na nitamfikia, lakini Shetani ni malaika aliyeanguka. Hahitaji babu yako awe wakala wake.

Najua mtakaloniuliza. "Na ndoto je? Mama yangu marehemu ananijia usiku analia." Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwenyewe, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, anakubali kwamba marehemu anaweza kuwatokea walio hai, Mungu akiruhusu. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwa uhakika kwamba ndoto yake ni bure, na sipendi wakatekista wanaocheka wakisimuliwa ndoto. Ninachoweza kusema ni hiki: mama akikujia analia, mwombee. Katekisimu, namba 958, inasema sala yetu kwa marehemu inawasaidia wao na pia inafanya maombezi yao kwetu yawe na nguvu. Ndoto ya namna hiyo haikupi sababu ya kumkemea mama yako kwa jina la Yesu kana kwamba ni pepo. Nimesikia hilo likifanyika, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto wake. Liliniuma.

Fundisho hili la mti wa ukoo limetoka wapi? Watu wengi wanadhani ni la Kikatoliki kwa sababu linakuja na rozari na Ekaristi. Aliyelieneza sana, kuanzia mwaka 1982, ni Kenneth McAll, daktari wa akili kutoka Uingereza, Mwanglikana aliyewahi kuwa mmisionari China. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kuchora ukoo na kuadhimisha Ekaristi kwa ajili ya marehemu wanaodaiwa kuwasumbua walio hai. Likapokewa kwenye vikundi vya Karismatiki, likazunguka dunia. Maaskofu wa Ufaransa walilionya mwaka 2007, wa Poland mwaka 2015, wa Uhispania mwaka 2024. Sababu zao zinafanana: linapunguza nguvu ya ubatizo, linamwondolea mtu wajibu wake mwenyewe, na linaipotosha maana ya Misa.

Kwetu huku lilikuta shamba limeshalimwa. Wajaluo tuna chira: mtu akivunja mwiko, nyumba inakonda mmoja baada ya mwingine. Tuna jochiende, wafu wenye kisasi. Ndugu zetu Waluhya wana emisambwa, roho za mababu. UKIMWI ulipoingia, ni wangapi tuliwazika tukisema ni chira? Siwadharau wazee. Chira ilikuwa na utaratibu wake, ilikuwa na manyasi yake, dawa za mitishamba za kuiondoa, na kwa namna fulani ililinda heshima ya boma. Kinachonikera ni kuichukua hofu ile ile, kuivika kitambaa cha Bikira Maria, na kumwambia mtu aliyebatizwa kwamba hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa.

Sasa Maandiko. Kila mara naletewa Kutoka 20:5, Mungu anayepatiliza uovu wa baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Mbona hamsomi mpaka mwisho wa sentensi? Ni kizazi cha wale wanaomchukia, na mstari wa 6 unawataja maelfu wanaompenda na kushika amri zake. Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba. Ezekieli sura ya 18 ni sura nzima ya kupinga wazo hili. Watu wa Israeli walikuwa na msemo wao kuhusu baba kula zabibu kali na watoto kutiwa ganzi meno, na Mungu anawaambia wasiuseme tena. Na Yohane 9: wanafunzi wa Yesu wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake, na Yesu anajibu si huyu wala wazazi wake.

Lakini dhambi ya asili tunairithi, si ndiyo? Swali zuri kuliko yote, na wanaoniuliza hivyo ni wale wanaosikiliza. Ndiyo, tunairithi, kama hali ya ubinadamu uliojeruhiwa, si kama kosa tulilotenda wenyewe. Na ubatizo unaifuta. Tomaso aliuliza waziwazi kama dhambi nyingine za wazazi nazo zinapita kwa watoto, akajibu hapana. Hata hivyo sitawaficha jambo ambalo vitabu vya mafundisho havilitaji: Mtakatifu Agostino, katika kijitabu chake juu ya imani, matumaini na mapendo, hakuwa na uhakika huo. Aliona inawezekana watoto wakafungwa pia na dhambi za wazazi wao wa karibu, akaacha swali wazi. Daktari wa Kanisa, yaani mwalimu mkuu wa imani! Yeyote atakayekuambia suala hili halikuwahi kumsumbua mtu mwenye akili hajasoma. Ila Agostino huyo huyo anasema kuzaliwa upya kwa ubatizo ndiko kunakomtoa mtu katika kifungo hicho chote, na hakuna mahali anapomwambia mbatizwa achore mti.

Kuna andiko jingine linalonisumbua zaidi. Yoshua bin Sira 3:9 inasema baraka ya baba huimarisha nyumba za watoto, na laana ya mama hung'oa misingi yake. Limo katika Biblia yetu, silifuti. Nalisoma hivi: sura ile inamwonya mtoto aliye hai anayemdharau mzazi aliye hai, na haisemi lolote kuhusu kitukuu ambaye hakumwona huyo mzee. Mithali 26:2 nayo inasema laana isiyo na sababu haimpati mtu. Je, hilo linamaliza suala lote la mzazi aliyetamka laana kitandani kabla ya kukata roho? Kwangu halimalizi kabisa. Mtu akinijia na jambo hilo, namwambia aende kitubio kama alimkosea mzazi wake, amsamehe kama yeye ndiye aliyekosewa, na amwombee. Zaidi ya hapo sina, na simwamini anayedai kuwa nacho.

Kitu kinachopita kweli kutoka kizazi hadi kizazi ni matokeo. Baba akiuza shamba lote na kulewa pesa, mwanawe hana hatia ya ulevi, lakini hana shamba. Mtoto aliyekulia kwenye kipigo anajifunza kupiga. Ubatizo unafuta dhambi, ila Katekisimu namba 1264 inakubali kwamba mateso, udhaifu wa tabia na mwelekeo wa dhambi hubaki. Hapo ndipo penye vita, na silaha ni zile za Waefeso 6: ukweli, haki, imani, neno la Mungu, sala. Anayeacha pombe huku akiungama kila mwezi anapigana na Shetani kuliko anayepiga kelele usiku kucha ukumbini.

Na mengine ni damu tu, kwa maana ya hospitalini. Wale watoto wawili wa dada ya yule mama aliyeleta karatasi walikuwa wakilia mifupa, macho ya manjano, wakiongezwa damu mara kwa mara. Jamani, tunaishi kando ya Ziwa! Selimundu, ambayo wengi huita siko seli, imejaa huku kwa sababu malaria imejaa huku: anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kinasaba kimedumu. Wazazi wawili wanaokibeba, wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa robo, asilimia 25, mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Huyo dada na mumewe wanahitaji kupimwa damu, pale hospitali ya rufaa ya Kisumu tunayoiita Russia, au popote penye maabara, na ana mtoto wa tatu ambaye lazima apimwe sasa. Mwezi mzima umepotea kwa kujaza majina ya wafu. Samahani, hapa siwezi kuandika kwa upole.

Haya, Misa. Ombeni Misa kwa ajili ya marehemu wa ukoo, ndiyo, ombeni sana. Yuda Mmakabayo alituma sadaka kwa ajili ya wafu wake na Maandiko yanamsifu (2 Wamakabayo 12). Kwenye kitabu cha nia andikeni "marehemu wa ukoo wa fulani" na inatosha. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba tembeleeni makaburi, hata lile la babu nyuma ya nyumba ya zamani, muwaombee. Rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, hupatikana kwa ajili yao kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi. Huna sadaka ya Misa? Mwone baba paroko hata hivyo. Kanuni 945 ya Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuadhimisha kwa nia za maskini hata bila sadaka.

Maji ya baraka, skapulari (vile vitambaa viwili vya kuvaa shingoni), medali ya Mtakatifu Benedikto: ni visakramenti, vinakuandaa kupokea neema kwa sala ya Kanisa. Ukivitegemea vyenyewe bila imani umerudi kwenye hirizi; soma Katekisimu namba 2111. Ujumbe wa novena unaokuagiza uwatumie watu kumi na wawili usije ukapatwa na balaa, ufuteni.

Mwisho, mapepo. Kupagawa kupo, na kupunga pepo rasmi kuna utaratibu wake: Kanuni 1172 inamruhusu padre tu, tena aliyepewa idhini mahsusi na askofu. Barua ya Vatikano ya Septemba 1985 iliwakataza walei kutumia ile sala ya Papa Leo XIII ya kufukuza mapepo, na vikundi vingi vinaisoma mpaka leo. Kumwombea mgonjwa Mungu amwokoe na yule mwovu kunaruhusiwa kwa kila mbatizwa, kwani ndivyo tunavyosali katika Baba Yetu. Kumhoji pepo jina lake hakuruhusiwi. Ibada rasmi ya kupunga pepo, iliyoidhinishwa mwaka 1998, inamtaka padre asikimbilie kuamini kwamba mtu amepagawa, na ashauriane na watu wanaojua tiba ya mwili na ya akili. Kwa hiyo anza na daktari, kisha mwende kwa paroko mchana, na ndugu mmoja anayemjua mgonjwa vizuri. Na kama ana kifafa, asiache vidonge hata siku moja, awe ameombewa na nani.