Abiria mara mbili, sangara je?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiwanda cha samaki huku Ilemela, Mwanza. Vijana walikuwa wakipanga minofu ya sangara kwenye maboksi meupe, barafu juu, kifuniko, kisha utepe wa gundi kuzunguka. Mwenye kiwanda akanivuta pembeni: "Mwalimu, wewe ni mtu wa takwimu. Nasikia usafiri wa ndege utakua mara mbili. Nipanue kiwanda?"

Kazi yangu ni makadirio ya usafirishaji, kwa hiyo nikaanza na hiyo "mara mbili". Mwaka 2019 Airbus, watengenezaji wa ndege, walikadiria kwamba usafiri wa abiria duniani ungekua kwa asilimia 4.3 kila mwaka kwa miaka 20. Baada ya korona, kadirio lao la 2023 likawa asilimia 3.6. Tofauti inaonekana ndogo, ila ukuaji huu hujilimbikiza kama riba. Gawanya 72 kwa asilimia hiyo, utapata miaka ya kufika mara mbili: kwa 3.6 ni miaka 20, kwa 4.3 ni kama 17. Tena hawahesabu vichwa. Wanazidisha abiria kwa kilomita, hivyo anayeruka Mwanza hadi Dar ana uzito mdogo sana kuliko anayekwenda Ulaya.

Sasa tuje kwa sangara. Takriban nusu ya mizigo ya anga duniani husafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye tumbo la ndege za kawaida. Mwaka 2020 usafiri wa abiria ulianguka kwa karibu asilimia 66, wakati mizigo ilipungua kwa kama 11 tu. Bidhaa zilikuwepo, nafasi ndiyo iliyopotea, na bei ya kilo ikapaa. Kwa mtu mwenye minofu mibichi hilo ni balaa, maana samaki hasubiri.

Na hapa ndipo ninapowasihi wasafirishaji wetu wasome kwa makini. Katika makadirio hayohayo ya Airbus, kama ndege nne kati ya tano zitakazonunuliwa ni nyembamba, zenye njia moja katikati ya viti. Tumbo lake ni dogo, na likishajaa mabegi hubaki nafasi kidogo. Sangara wa Ulaya anahitaji ndege pana au ndege ya mizigo, kama ile Boeing 767 ya Air Tanzania iliyofika 2023, inayobeba tani 54. Abiria wanaweza kuongezeka maradufu na maboksi yetu yakabaki yanagombania nafasi ileile.

Minofu yetu mingi bado huenda kwa lori hadi Nairobi au Entebbe kupanda ndege. Kwa hiyo nikamwambia, kabla ya kumwaga zege, ajue ni ndege pana ngapi zinaondoka kwenye viwanja hivyo kwenda Ulaya kila wiki, na zipi huondolewa msimu wa abiria wachache. Akatoa simu palepale, akampigia wakala wake wa Entebbe.