“Ptarmigan” na herufi p isiyo na kwao

Aliyezoea tahajia ya Kiswahili, ambamo herufi haiandikwi bila kutamkwa, akikutana na neno la Kiingereza “ptarmigan” hujiuliza aanzie wapi. Aanzie kwenye t. Neno hutamkwa “táamigan”, mkazo kwenye silabi ya kwanza, na p haisikiki hata kidogo.

Ni jina la ndege wa nchi za baridi, wa jamii moja na kwale. Anapatikana Iceland, kaskazini mwa Kanada, na kwenye milima ya Uskoti, Alps na Japani. Kiangazi huwa na madoadoa ya kahawia na kijivu, humwoni kati ya mawe. Baridi ikiingia hugeuka mweupe. Miguu yake ina manyoya hadi vidoleni, ndiyo maana wanasayansi humwita Lagopus, yaani “mguu wa sungura” kwa Kigiriki.

Lakini “ptarmigan” lenyewe si la Kigiriki. Limetoka Kigaeli cha Uskoti, “tàrmachan”, na Waingereza waliliandika kwa t tangu mwanzo. Mwaka 1684 Robert Sibbald, daktari na mtaalamu wa viumbe wa Uskoti, akaliandika kwa pt. Inaelekea alilihusisha na “pteron”, bawa kwa Kigiriki, neno ambalo kweli limo ndani ya helikopta. Ndege ana mabawa, Kigiriki ni lugha ya wasomi, nani angebisha? Kigaeli hakikuwa na hadhi ya kujitetea, na p ikabaki.

Wasomi wa zama hizo walikuwa na mazoea hayo. “Debt”, yaani deni, lilitoka kwenye “dette” la Kifaransa. B ilichomekwa ili lifanane na “debitum” la Kilatini. Hilo naweza kulisamehe, maana undugu upo. “Island”, yaani kisiwa, ni kosa zaidi: katika Kiingereza cha kale lilikuwa “īegland”, halina nasaba yoyote na “insula” la Kilatini, ila s likapewa vilevile.

Huko Alaska husimuliwa kwamba wachimba dhahabu walitaka kukiita kijiji chao Ptarmigan, kwa kuwa ndege hao walikuwa tele. Wakashindwa kukubaliana linaandikwaje, wakachagua Chicken, yaani kuku. Ndilo jina lililoko kwenye ramani hadi leo.