Kura ya Maoni Si Kura

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu, Buruburu. Sahani zilikuwa hazijaondolewa mezani shemeji aliponisukumia simu yake. "Shem, kazi yako hii. Soma hapo. Zaidi ya asilimia 80 ya Warusi wanamuunga mkono Putin, tena vita vikiendelea. Sasa anayemwita dikteta anamsemea nani?" Ndugu yake, aliyekuwa kimya tangu tukae, akadakia: "Wacha hizo. Nchi kama ile namba zinapikwa." Wakaanza kurushiana maneno, nami nikaombwa niamue.

Nina miaka 18 katika utafiti wa maoni hapa Nairobi. Nilianza kama mhojaji wa kubisha hodi milangoni, sasa nasimamia timu. Mabishano haya nimeyasikia kwa kinyozi, kwenye matatu, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule. Zamani yalikuwa ya Putin peke yake, siku hizi ni ya Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso, pia. Pande ni zile zile mbili: wanampenda, au namba ni za uongo. Nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani mhojiwa alipiga kura.

Lawama ya kwanza naielekeza kwa jina. Kiswahili chetu kinaita mambo mawili "kura ya maoni". Mwaka 2005 tulipiga kura ya maoni ya katiba, ndizi na chungwa. Mwaka 2010 tukapiga nyingine, kijani na nyekundu. Zile zilikuwa kura kweli: unaingia kituturi peke yako, unaweka alama, unakunja karatasi, unaitumbukiza sandukuni, na hakuna atakayejua uliweka nini. Kisha jina hilo hilo tunalibandika kwenye utafiti, ambako mtu usiyemjua anakufuata hadi mlangoni, anaiona nyumba yako, anaandika umri wako, kazi yako na nambari yako ya simu ili msimamizi apige kuhakiki, halafu anakutazama usoni akingoja jibu. Siri iko wapi hapo? Katika timu yangu tunasema utafiti wa maoni, na anayesema kura namrekebisha papo hapo.

Kama ni lazima tuufananishe na uchaguzi, basi tuufananishe na mlolongo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawahitaji maelezo. Kwa vijana: chama kilikuwa kimoja, KANU, na katika mchujo wake wapiga kura walijipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, chifu anaona, jirani anaona, mwajiri anaona. Aliyepata asilimia 70 ya foleni alihesabiwa amepita bila kurudi kwenye kura ya siri. Moi mwenyewe mwaka huo hakuwa na mpinzani. Ilipofika Desemba 1992, vyama vikiwa vingi na karatasi ikiwa ya siri, alipata takriban asilimia 36. Alishinda kwa sababu upinzani uligawanyika, lakini karibu theluthi mbili ya wapiga kura walimchagua mtu mwingine. Watu hao walikuwepo mwaka 1988. Foleni ndiyo haikuwaonyesha.

Hapo ndugu ya shemeji alipiga meza: si nilisema, wanadanganya! Hapana. Na hapa ndipo ninapokereka kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba nyingi za Urusi mnazosambaziana zinatoka Kituo cha Levada cha utafiti wa maoni, Moscow. Hicho si kitengo cha serikali. Serikali yenyewe ilikiorodhesha kuwa "wakala wa kigeni" mwaka 2016. Kila mwezi wahojaji wake huenda majumbani kwa watu wapatao 1,600, na swali lao kuu ni kama mhojiwa anakubaliana na utendaji wa Putin akiwa rais. Januari 2014 alikuwa na asilimia 65. Alipoitwaa Crimea kutoka Ukraine mwezi Machi, akafika 80. Februari 2022 alikuwa na 71. Machi, baada ya kuivamia Ukraine, 83. Kisha Septemba mwaka huo akatangaza kuwaita raia 300,000 jeshini, na namba ikashuka hadi 77. Nani apike namba halafu aiteremshe wiki ambayo rais anaihitaji zaidi? Wala hofu peke yake haielezi kushuka huko, kwa maana mwezi ule hofu iliongezeka. Kama watu wanajibu kwa woga tu, namba ingepanda.

Wenzetu wamejaribu kuupima woga huo. Mapema mwaka 2015 Timothy Frye na wenzake watatu walifanya Urusi kile tunachokiita jaribio la orodha. Unamsomea mhojiwa majina ya viongozi kadhaa, unamwambia: usinitajie ni nani, niambie tu ni wangapi unaowaunga mkono. Nusu ya sampuli inasomewa orodha ile ile, ila jina la Putin limeongezwa. Ukichukua wastani wa kundi la pili ukaondoa wa kundi la kwanza, unapata kiasi cha wanaomuunga mkono, na hakuna mtu hata mmoja aliyelazimika kumkana wala kumsifu. Walipata karibu asilimia 80, chini kidogo tu ya swali la moja kwa moja. Yaani mwaka ule Warusi wengi hawakuwa wakimdanganya mhojaji. Walipolirudia mwaka 2020 na 2021 pengo likawa pana zaidi, na wao wenyewe wakaonya kwamba huenda orodha inaiteremsha namba hata kwa majina yasiyomtisha mtu. Nami nimelitumia hapa kwetu mara mbili. Mhojiwa akichoka anasema "wawili" ili umwache arudi kwa shughuli zake. Silitegemei kama vitabu vinavyolitegemea.

Kwa hiyo uungaji mkono upo. Ninachokataa ni kuuita mapenzi, na kuusoma kama kwamba umetoka kwa watu waliokaa wakapima mambo wakachagua.

Vita vyenyewe hupandisha namba, hata pasipo woga wowote. Gallup, kampuni ya utafiti wa maoni ya Marekani, walimkuta Rais George W. Bush akiwa na asilimia 51 kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001. Siku chache baadaye alikuwa na 90. Baba yake alifika 89 vita vya Ghuba vilipokwisha mwaka 1991, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi. Umati nao ni vivyo hivyo. Tarehe 30 Machi 1982 polisi wa Argentina waliwapiga wafanyakazi walioandamana Buenos Aires kuipinga serikali ya kijeshi. Tarehe 2 Aprili Jenerali Galtieri, mkuu wa serikali hiyo, alivamia visiwa vya Falkland vya Uingereza, na uwanja wa Plaza de Mayo ukajaa watu wakishangilia. Juni 14 jeshi lake likasalimu amri, na wiki hiyo hiyo akang'oka. Majirani zetu wa Kampala walijaa barabarani Januari 1971 kumshangilia Idi Amin alipompindua Obote, wakajaa tena Aprili 1979 kuwashangilia waliomng'oa Amin. Kwa hiyo ukinitumia video ya umati uliomshangilia Traoré Ouagadougou, Aprili 30, 2025, naamini watu walikuja, na naamini wengi walikuja kwa hiari. Sijui bado wangesema nini katika kituturi, na wewe pia hujui.

Sasa vyombo vya habari. Watu hudhani upendeleo wakati wa vita ni kutangaza uongo. Uongo upo: jarida la Gente la Argentina liliandika kwenye jalada lake la Mei 1982 "Tunashinda". Lakini katika kazi yangu uongo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kufungwa kwa milango. Machi 2022 Urusi ilipitisha sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi. Redio Ekho Moskvy ikafungwa, televisheni ya Dozhd ikasimamisha matangazo, gazeti la Novaya Gazeta likasita kuchapishwa, Facebook na Instagram zikazuiwa, yote ndani ya mwezi mmoja. Neno lenyewe "vita" likawa la hatari. Likabaki "operesheni maalum ya kijeshi". Burkina Faso walisimamisha RFI Desemba 2022, France 24 Machi 2023, BBC na VOA kwa wiki mbili Aprili 2024. Machi 2025 viongozi wa chama cha waandishi wa habari walikamatwa, na Aprili wakaonekana kwenye video wamevaa sare za jeshi.

Mhojiwa wa nchi ya namna hiyo nikimuuliza kama anamuunga mkono kiongozi, anamlinganisha na nani? Mpinzani yuko jela au uhamishoni, makosa ya vita hayasomwi redioni, na idadi ya maiti ni siri. Anajibu ndiyo kwa moyo mweupe kabisa, na jibu lake ni la kweli, ila swali langu ndilo lisilo na upande wa pili.

Na msidhani lazima pawe na dikteta. Januari 15, 2016 al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde, Somalia. Mpaka leo serikali haijatupa rasmi idadi ya askari waliouawa. CNN, shirika la nje, ndilo lililotaja 141. Wahariri wa hapa Nairobi wana katiba inayowalinda, na bado wengi walisema "vijana wetu" wakanyamaza kuhusu hesabu. Hawakutishwa wote. Wengine waliona ni heshima kwa familia zilizofiwa, na sina ujasiri wa kuwaambia hawakuwa na sababu.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Sisi watafiti huongea kama kwamba chini ya jibu la mdomoni kuna maoni halisi yamefichwa, na kwamba mbinu bora itayafukua. Sina hakika tena. Oktoba 2022 Levada walikuta kiasi cha asilimia 73 wanaunga mkono vitendo vya jeshi la Urusi Ukraine, na mwezi huo huo asilimia 57 wanataka mazungumzo ya amani yaanze. Hesabu tu: lazima wapo watu wengi waliosema yote mawili. Shemeji aliniuliza lipi ndilo la kweli. Nilimwambia yote, akasema nakwepa. Sikuwa nakwepa. Mtu aliyesikiliza redio moja kila asubuhi kwa miaka kumi, ukimwondolea hofu leo jioni, atasema yale yale ya redio. Je, hayo si maoni yake? Mengi ninayoyaamini mimi pia niliyasikia mahali.

Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huuliza swali moja mwishoni mwa hojaji: unadhani ni nani aliyetutuma? Wapo wengi wanaosema serikali, ingawa mhojaji amejitambulisha vinginevyo mwanzoni. Wachambuzi wamegundua kwamba wanaodhani hivyo husema mema zaidi kuhusu serikali, hasa panapotawaliwa kwa mabavu. Mimi nikipokea data yoyote, namba ya rais siigusi kabla sijasoma safu hiyo.

Nilianza kuisoma kwa makini baada ya Novemba 2011. Jeshi letu lilikuwa limevuka mpaka wa Somalia mwezi uliotangulia kupambana na al-Shabaab, na tayari mabomu ya kutupwa kwa mkono yalikuwa yamelipuka katikati ya jiji. Nilikuwa Eastleigh na hojaji za karatasi. Kwenye duka la vitambaa nilimkuta mzee mmoja, Msomali wa Kenya. Nilipomuuliza kama anaunga mkono jeshi kuingia Somalia, aliacha mkasi juu ya kitambaa akaitazama kalamu yangu. "Naunga mkono. Andika sana." Nikaweka alama kwenye "naunga mkono sana". Akaniagizia chai, akangoja nipige funda la kwanza, ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Hii karatasi, kijana wangu, inapitia kwa chifu?" Nikamwambia haipiti. Hakuniamini. Alinisomesha jibu lake mara ya pili, ahakikishe ni lile.

Nilitoka nikijua nimebeba jibu la woga. Nilikuwa nimeshavuka barabara nikamsikia ananiita. Alinifuata hadi ukingoni mwa lami akiwa na futi yake shingoni. "Usidhani nilikuwa nakudanganya," akasema. "Hao watu walimuua ndugu yangu Kismayu." Kisha akanishika mkono wenye zile karatasi. "Lakini jina langu usiandike."