Wingi wa shughuli haumfanyi mhusika wa gemu afanane na binadamu

Wachezaji wengi wa michezo ya kompyuta inayoiga maisha huamini kwamba kadiri mhusika anavyofanya mambo mengi kwa wakati mmoja, ndivyo mchezo unavyokaribia uhalisia. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2014, mchezo wa The Sims 4 ulipotoka ukiwa na wahusika wanaoweza kula, kuzungumza na kutazama televisheni kwa pamoja.

Ni kweli kwamba meza yenye mazungumzo hupendeza. Hata hivyo, akili ya binadamu inapokabiliwa na kazi mbili zinazohitaji fikra huhamahama kati ya hizo mbili, na kila kuhama hugharimu muda na usahihi. Mhusika wa The Sims 4 hana umakini wa kugawa. Ana foleni ya amri zinazogombea mwili mmoja, ndiyo maana huinuka na sahani mkononi, akahama kiti ili amwelekee mwenzake, na mlo mfupi ukavuka saa nzima ya mchezo.

Kwa maoni yangu, mchezo wa kwanza wa mfululizo wa The Sims, uliobuniwa na Will Wright na kutolewa mwaka 2000, ulikuwa na ukweli mzito zaidi, ingawa wahusika wake walifanya mengi kwa zamu. Njaa, usingizi, usafi na hamu ya kuwa na wenzao vilidai kutimizwa huku saa ikikimbia, hivyo aliyechagua kulala alikosa muda wa marafiki, na aliyechelewa mezani aliweza kuachwa na gari la kazini.