Atomu Ndogo Ndani ya Paladi

Fundi wa kuchomea anayetumia kabaidi huyatia maji yale mawe ya kijivu, gesi ikatoka, akaiwasha. Gesi hiyo ni asetilini. Mtaa wa pili, mfanyabiashara amevundika mikungu yake ya ndizi chini ya turubai, na kinachoiivisha ni gesi nyingine, ethilini, ambayo ndizi huitoa zenyewe. Hizi gesi mbili ni ndugu wa karibu mno. Kila molekuli ina atomu 2 za kaboni, ila asetilini ina hidrojeni 2 na ethilini ina 4. Ndiyo maana wapo wauzaji wanaoivisha ndizi kwa kabaidi: tunda halitofautishi gesi hizo vizuri. (Kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, kwa hiyo na ibaki kwa mafundi.)

Mtambo wa plastiki, tofauti na ndizi, hauna masihara. Plastiki ya madumu na ya mifuko laini ni ethilini iliyoungwa mnyororo mrefu. Ethilini yenyewe hupatikana kwa kupasha mafuta mepesi au gesi ya ethani joto la nyuzi 800 na zaidi, na hutoka ikiwa na asetilini kidogo, mara nyingi asilimia 1 hivi. Kidogo hicho kinatosha kuharibu kazi yote ya kuunga mnyororo, hivyo lazima kishushwe hadi sehemu chache tu katika milioni. Dawa yake ni kuiongezea asetilini hidrojeni 2, nayo iwe ethilini. Shida ni kujua pa kuishia. Ethilini ikiongezwa hidrojeni 2 nyingine inageuka ethani, na ethani haitengenezi dumu.

Anayesimamia kazi hiyo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuliwa. Hapa hutumika paladi, metali adimu ya ukoo wa platini, ghali, inayochimbwa zaidi Urusi na Afrika Kusini. Paladi ni hodari, lakini ina ulafi. Mwaka 1866 Thomas Graham, mkemia Mskoti aliyekuwa pia msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha London, alieleza jinsi metali hii inavyofyonza hidrojeni. Kipande chake kinaweza kumeza gesi hiyo kiasi cha mara 900 ya ujazo wake, mpaka kikavimba. Basi kazi ikiendelea, hidrojeni iliyojificha ndani hupanda juu na kuivamia ethilini ambayo ilikuwa imeshafika mwisho wa safari yake.

Ili kuelewa tiba, angalia machungwa yaliyopangwa kwa rundo mezani pa muuzaji. Atomu za paladi zimepangana vivyo hivyo, na katikati yake kuna matundu. Ukiyahesabu yale makubwa, ni tundu moja kwa kila chungwa. Hidrojeni huingia humo na kutoka kama choroko. Boroni, kaboni na nitrojeni pia ni atomu nyepesi, ila zina umbo kubwa zaidi, mfano wa ndimu ndogo: kuitia ni lazima uisukumize, na machungwa yasogee kidogo. Ikishakaa, hidrojeni haipati tena pa kulala. Tena boroni huchangia elektroni na paladi jirani, uso wa metali ukalegeza mshiko wake, na ethilini ikaondoka kabla haijalishwa mara ya pili.

Hii si aloi, yaani mchanganyiko wa metali, tuliyoizoea. Unapochanganya paladi na fedha, kama viwanda vingi vya ethilini vinavyofanya, unaondoa chungwa na kuweka chenza mahali pake. Huku hakuna chungwa lililoondolewa.

Katika utengenezaji wa dawa na vitamini jambo hili la kuituliza paladi lina uzito wa pekee. Mwaka 1952 Herbert Lindlar, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, alitangaza kichocheo cha paladi juu ya chokaa, kilichopunguzwa makali kwa metali ya risasi. Kilisaidia kutengeneza vitamini A, na wakemia wanakitumia hadi leo. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini risasi ni sumu, na kuitia katika mtambo unaotoa kitu cha kumezwa na mtoto kunahitaji uangalifu wa kudumu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba boroni iliyoingizwa ndani ya chembe ndogo mno za paladi inaweza kushika nafasi ya risasi.

Mimi hupenda zaidi kisa cha mwaka 2008, cha Taasisi ya Fritz Haber ya Berlin na wenzao, wakiwemo wa Budapest. Waliichunguza paladi ikiwa kazini, badala ya kuitoa kwanza na kuiosha. Wakakuta kaboni imejipenyeza katika tabaka za juu za metali, ikitokana na gesi ileile iliyokuwa ikiongezewa hidrojeni. Hakuna aliyeitia. Paladi ilikuwa imetulizwa na chakula chake yenyewe, nasi miaka yote tulikuwa tukiipa sifa paladi tupu.

Platini nayo imefikiwa na atomu hizi ndogo, kwa sababu nyingine. Katika seli za fueli, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni, asidi hula nikeli inayochanganywa na platini ili kubana matumizi yake. Mwaka 2012 watafiti wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walionyesha kwamba nitrojeni huisaidia nikeli kustahimili.

Kigumu kilichobaki ni usafi. Kichocheo cha ethilini huganda utando wa mafuta na masizi, na dawa ya kawaida ni kuyachoma kwa hewa ya moto. Hewa hiyo haichagui: kaboni iliyokaa matunduni huungua pamoja na uchafu, na boroni hugeuka oksidi. Kaboni hurudi yenyewe asetilini ikianza tena kupita. Boroni hairudi mpaka mtu aitie upya.