Kalenda ya msimu kwenye akiba ya uzeeni: maana ya mgao wa kimsimu

Mdogo wangu ni askari katika jeshi la Marekani, na kila akipata mapumziko hunitumia kitu cha kunichokoza. Safari moja alinitumia jedwali: miezi kumi na miwili imepangwa kwenda chini, na mbele ya kila mwezi kuna herufi moja tu. Januari S, Aprili I, Septemba G, Novemba C. "Hii ndiyo kalenda yangu ya uzeeni, kaka," akaandika. "Mwezi ukigeuka, nahamisha pesa. Basi."

Tuuite mgao wa kimsimu. Badala ya kuiacha akiba ya uzeeni ikae kwenye mifuko ileile mwaka mzima, mtu anarudi nyuma na kutazama kila mfuko ulifanya nini katika Januari zote zilizopita, Februari zote, hadi Desemba zote. Kisha kila mwezi unapoingia anaiweka akiba yake kwenye mfuko ambao kwa wastani umekuwa ukifanya vizuri zaidi mwezi huo. Hasomi hesabu za kampuni wala hamsikilizi mchambuzi wa televisheni. Anaifuata kalenda kama mkulima anayengoja masika apande mahindi.

Msomaji aliyezoea NSSF au PSSSF atajiuliza: kwani mwanachama anachagua? Kwetu unakatwa mchango na mfuko unajua wenyewe pa kuuwekeza. Mdogo wangu yuko kwenye mpango uitwao Thrift Savings Plan, TSP kwa kifupi, ulioanzishwa kwa sheria ya 1986 kwa ajili ya watumishi wa serikali kuu ya Marekani. Wanajeshi walifunguliwa mlango mwaka 2001. Huko ni mwanachama mwenyewe anayesema pesa yake ikae wapi, na herufi za kwenye jedwali ni majina ya mifuko. C hufuata fahirisi (kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja) ya S&P 500, yaani kampuni kubwa za Marekani. S hushika kampuni za kati na ndogo zilizoachwa nje ya fahirisi hiyo. I ni hisa za nchi nyingine. F ni hatifungani za Marekani, yaani hati za mikopo yenye riba. Iko pia mifuko ya L, iliyoanza 2005, ambayo huchanganya hiyo minne pamoja na G na kupunguza hisa yenyewe kadiri mwenye akiba anavyosogelea kustaafu. Hiyo haina nafasi kwenye kalenda za msimu, maana nia yake ni usiiguse.

G ndiyo inayostahili maelezo zaidi, kwa sababu bila G mchezo huu usingenoga. Ndani yake mna hatifungani maalumu za serikali ambazo hazinunuliwi wala kuuzwa sokoni. Thamani yake haishuki hata siku moja, na bado hulipa riba inayokokotolewa kutokana na hatifungani za miaka mingi, huku mwanachama akiwa huru kutoka kesho asubuhi. Kwa kawaida ukitaka riba ya muda mrefu, lazima ukubali pesa ifungwe au bei iyumbe. Hapa huyumbishwi. Mwaka 2022, C iliposhuka zaidi ya asilimia 18 na F karibu asilimia 13, aliyekuwa G alipata karibu asilimia 3 na akalala usingizi wake. Ndiyo maana kalenda zote za msimu nilizoziona zina G mahali fulani, aghalabu Agosti au Septemba: ni bandari ya kungojea tufani lipite.

Sheria za TSP nazo zinaufaa mtindo huu. Tangu Mei 2008 mwanachama anaruhusiwa kuhamisha salio lake mara mbili tu kwa mwezi. Akitaka mara ya tatu, anaweza kuhamia G pekee. Kabla ya hapo walikuwapo watu waliokuwa wakiruka huku na huku karibu kila siku, na gharama za kununua na kuuza zikawa zinabebwa na wenzao waliotulia. Mara mbili haimtoshi mchuuzi wa kila siku, ila kwa mtu wa kalenda zinazidi. Isitoshe, uhamisho ndani ya mpango hautozwi kodi. Mtu huyohuyo angefanya hivyo kwenye akaunti yake ya kawaida ya hisa, mamlaka ya mapato ingedai chake kila auzapo kwa faida. Jambo moja linalowachanganya wengi: kuhamisha salio lililokwisha kuwekwa na kuelekeza michango mipya ni maagizo mawili tofauti. Mtu anaweza kuhamisha akiba yote G, akasahau kwamba makato ya kila mshahara bado yanaingia C.

Sasa, msimu wenyewe umetoka wapi? Wauzaji wa hisa wa London wana msemo wao wa zamani: uza Mei uende zako, usirudi mpaka siku ya St Leger. Hiyo ni siku ya mbio za farasi zinazofanyika Doncaster kila Septemba. Mabwana walikuwa wanaondoka mjini majira ya joto na soko likabaki limedorora. Ungedhani ni porojo za klabuni. Lakini mwaka 2002 Sven Bouman na Ben Jacobsen walichapisha utafiti wa masoko ya nchi 37, na katika 36 kati ya hizo faida ya Novemba hadi Aprili iliizidi ya Mei hadi Oktoba. Januari nayo ina historia: Sidney Wachtel aliandika juu yake tangu 1942, na baadaye ikaonekana kwamba hisa za kampuni ndogo ndizo zilizokuwa zikichangamka zaidi. Septemba, kwa upande wake, ndiyo mwezi wenye wastani mbaya kuliko yote kwa hisa kubwa za Marekani ukihesabu kuanzia 1928.

Sababu zinazotolewa ni za aina aina. Mwaka wa kodi wa Mmarekani wa kawaida unaishia Desemba 31, hivyo wengi huuza hisa zilizowatia hasara mwishoni mwa mwaka ili wapunguziwe kodi, na bei hupata nafuu Januari mauzo hayo yakiisha. Mwezi unapogeuka, michango ya pensheni kutoka kwenye mishahara huingia sokoni kwa mkupuo. Kuna hata watafiti, Kamstra, Kramer na Levi, waliosema mwaka 2003 kwamba ni huzuni ya majira ya baridi: mchana unapofupika watu huogopa kuthubutu, na mwanga ukirudi huthubutu tena. Kwa sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua huchomoza saa kumi na mbili mwaka wote, nadharia hii ina utamu wake.

Tofauti ya msimu wa soko na msimu wa mvua au upepo ndiyo kiini cha mambo, nayo haionekani kwenye jedwali. Kaskazi ilipoanza kuvuma, majahazi yalishuka kutoka Oman na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi iliposhika, yakarudi. Manahodha wote wa Bahari ya Hindi walilijua hilo kwa mamia ya miaka, na upepo haukupungua kwa sababu ya wao kujua. Kaskazi haijali ni majahazi mangapi yametweka tanga. Soko ni tofauti. Kama kila mtu anajua kwamba hisa zitapanda Desemba, wenye haraka watanunua Novemba, wajanja kuliko hao watanunua Oktoba, na Desemba ikifika hakuna aliyebaki nje wa kuipandisha bei. Upepo huu unapungua kwa kadiri matanga yanavyoongezeka. David McLean na Jeffrey Pontiff walipima jambo hilo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016: walichukua mbinu nyingi za kulishinda soko zilizowahi kuandikwa na wasomi, wakakuta kwamba baada ya mbinu kuchapishwa faida yake kwa wastani ilikuwa pungufu kwa asilimia 58. Mbinu zao hazikuwa za kalenda pekee, lakini sioni kwa nini kalenda isamehewe.

Kisha kuna hesabu, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo. Mifuko ni mitano, miezi ni kumi na miwili. Kalenda zinazoweza kutengenezwa ni tano mara tano mara tano, hivyo hivyo mpaka zizidishwe tano kumi na mbili: 244,140,625. Anayetazama nyuma na kuchagua mfuko bora wa kila mwezi anachagua kalenda moja, ile iliyoshinda kuliko zote kati ya milioni 244. Hata kama mifuko ingekuwa inapanda na kushuka kwa kurusha shilingi tu, lazima mojawapo ingetokea kuwa na rekodi ya kushangaza. Rekodi hiyo ingekuwa ya kweli kabisa, kila namba sahihi, na bado isingesema lolote juu ya mwaka ujao.

Tena data yenyewe ni haba kuliko inavyoonekana. C ilianza 1988, kwa hiyo hadi leo ina Septemba chini ya arobaini. S na I zilianza 2001. Hisa za Marekani katika mwezi wowote hupanda au kushuka kwa asilimia 4 hivi bila ajabu yoyote. Ukichukua Septemba 36 na kutafuta wastani, bahati tupu inaweza kuupeleka wastani huo juu au chini kwa asilimia 0.7, na kufika 1.4 si muujiza. Tofauti kati ya mwezi "mzuri" na mwezi "mbaya" kwenye majedwali mengi iko ndani ya kipimo hichohicho. Na mwezi mmoja tu waweza kuchafua jina la ndugu zake wote: Oktoba haijawahi kujisafisha na ile Jumatatu ya tarehe 19, 1987, wakati fahirisi ya Dow ilipoanguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Mtaalamu mmoja, David Leinweber, aliamua kuwadhihaki wenzake kwa kutafuta kitu kilichokwenda sambamba na S&P 500. Alikipata: uzalishaji wa siagi Bangladesh.

Sisemi msimu ni uongo mtupu. Ile tofauti ya Novemba hadi Aprili imeonekana kwenye nchi nyingi mno kufutwa kwa mkono mmoja. Tatizo ni la mtu mmoja mwenye maisha mamoja ya kufanya kazi. Chukua mifano miwili. Novemba 2008 hadi Aprili 2009, miezi "mizuri", S&P 500 ilishuka karibu asilimia 10; Mei hadi Oktoba 2009, miezi ya kukimbia, ikapanda zaidi ya asilimia 18. Aliyefuata kalenda alipigwa kwenye mteremko na akakosa mlima. Mwaka 2020 ukawa vilevile: korona iliangusha bei Februari na Machi, katikati ya msimu wa neema, na kiangazi kilichopaswa kuwa kibaya kikaleta zaidi ya asilimia 12. Hapo wastani wa miaka tisini haukumsaidia mtu anayestaafu mwaka huo.

Hata kipimo cha kuamulia huwa kinawekwa vibaya. Watu huuliza, je, Mei hadi Oktoba ni dhaifu? Swali linalohusu pesa yako ni je, ni dhaifu kuliko riba ya G? Kwa muda mrefu wastani wa miezi hiyo Marekani bado ni wa kupanda, ila kwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo riba ya G ikiwa juu, kujificha kuna mantiki kidogo. Ikiwa chini ya asilimia 2, kama ilivyokuwa kwa muda mwaka 2020, unalipia bandari ghali.

Mdogo wangu hakushawishika. Alikuwa na hoja nzuri pia: Septemba ya 2020, 2021, 2022 na 2023, zote nne, soko lilishuka, na ile ya 2022 kwa zaidi ya asilimia 9. Nani angemlaumu? Mwishoni mwa Agosti 2024 akahamisha kila kitu G. Septemba ikapanda asilimia 2. Alirudi C mwisho wa Oktoba kwa bei iliyozidi ile aliyouzia kwa asilimia moja, na ukitoa riba aliyolipwa G, pengo lilikuwa dogo kiasi kwamba hakulihisi. Nadhani hapo ndipo kalenda inaponata: gharama yake mwaka mmoja ni ndogo mno kumfunza mtu. Agosti 2025 akahama tena. Safari hii miezi ile miwili ilipanda karibu asilimia 6 akiwa nje.

Nilimuuliza kama amelibadilisha jedwali. Alisema ameongeza miaka miwili mipya na kupiga hesabu upya. Septemba bado ina wino mwekundu.